Jiwe la Batain lililopoteza jina la kimberlaiti

Na Mwandishi Wetu, Muscat

MWAKA 2008, katika mkutano wa tisa wa kimataifa wa wataalamu wa kimberlaiti uliofanyika Frankfurt, Ujerumani, watafiti wakiongozwa na Profesa Sobhi Nasir wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos waliwasilisha taarifa juu ya miamba ya eneo la Bomethra, mashariki ya Oman. Kichwa cha taarifa hiyo kilitaja aina tatu za mawe: kimberlaiti, kabonataiti na lamprofaya. Mwaka 2011 watafiti hao hao kwa sehemu kubwa wakachapisha utafiti mrefu zaidi katika jarida la kimataifa la elimu ya miamba. Safari hii kichwa kikataja aina mbili tu. Neno kimberlaiti halimo.

Kwa wataalamu hilo ni jambo la kila siku, maana jiwe hupewa jina jipya vipimo vinapoongezeka. Kwa mtu wa barzani ni habari nyengine kabisa. Kimberlaiti ndiyo jiwe lililoitajirisha Kimberley, ndiyo jiwe la Mwadui kule Shinyanga, na likitajwa tu kila mtu husikia almasi. Jina likifutwa, watu huuliza: je, walikosea, au kuna kinachofichwa?

Hakuna kinachofichwa. Lakini maelezo yanahitaji kuingia ndani ya jiwe lenyewe, na ndiyo tunayoyafanya katika makala hii.

Batain ni ule uwanda wa pwani unaoanza upande wa kusini ya Ras al Hadd na kuteremka hadi Al Ashkharah, katika Sharqiya ya Kusini. Wasomaji wetu wengi wenye asili ya Ja'alan na Sur wanaujua, hata kama ni kwa kupita tu wakienda kuangalia kasa Ras al Jinz. Ni mwambao ule ule uliokuwa ukitoa majahazi ya Sur yaliyoteremka na kaskazi hadi Lamu, Pemba na Unguja. Kwa macho ni pahala pakavu, penye vilima vifupi vya mawe ya rangi mchanganyiko, mekundu, meusi na ya kijivu. Mawe hayo hayakuzaliwa hapo yalipo leo. Yalikuwa chini ya bahari, kisha yakasukumwa na kupandishwa juu ya nchi kavu mnamo miaka milioni 65 iliyopita au karibu na hapo, yakalaliana tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyokunjwa vibaya.

Ndani ya mikeka hiyo mna mishipa na mabamba membamba ya jiwe jeusi la kijani, lenye vipande vya ulanga vinavyometa juani. Umri wake ni wa mwisho wa zama za Jurasi na mwanzo wa Kretasia, yaani miaka milioni 140 iliyopita na zaidi, wakati bara kubwa la kale la Gondwana lilipokuwa likipasuka na Bahari ya Hindi ikianza kufunguka. Hayo ndiyo mawe yenye kesi.

Tuanze na kimberlaiti ni nini. Jina limetokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, na lilitolewa na Mmarekani Henry Carvill Lewis katika miaka ya 1880, baada ya wachimbaji kugundua kwamba almasi hazitoki katika mchanga wa mito pekee bali pia katika jiwe la kibuluu lililojaza mashimo ya volkano za kale. Jiwe hilo hutoka mbali mno. Chini ya ganda la dunia tunalolikanyaga kuna tabaka nene sana liitwalo mantili, na uji wa kimberlaiti huanzia huko, kina cha zaidi ya kilomita 150. Hupanda kwa kasi kubwa, safari ya saa au siku chache tu, ukisukumwa na hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Njiani hung'oa vipande vya kila inachopita na kuvipandisha juu. Almasi ni abiria tu wa safari hiyo. Kimberlaiti haiitengenezi almasi, huibeba.

Tofauti ya kemia yake na mawe tuliyoyazoea ni kubwa. Jiwe la matale huwa na silika kiasi cha asilimia 70, na lava ya kawaida kama ya visiwa vya Ngazija huwa na chini kidogo ya asilimia 50. Kimberlaiti ina asilimia 25 hadi 35 tu, na oksidi ya magnesiamu inaweza kulingana nayo. Ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, jambo ambalo si la kawaida kwa jiwe lenye magnesiamu nyingi namna hiyo. Ina nikeli na kromiamu kwa wingi, mara nyingi gramu 1,000 hivi za kila moja kwa tani, na papo hapo imejaa lanthani, seri, niobi na bari.

Hapo ndipo penye ajabu. Nikeli na kromiamu ni elementi zinazong'ang'ania ndani ya mawe magumu ya mantili na haziyeyuki upesi. Lanthani na wenzake ndio wa mwanzo kukimbia mara tu jiwe linapopata joto. Kuwakuta wote katika jiwe moja ni sawa na kukuta tui zito na machicha katika kikombe kimoja. Wataalamu wanaeleza kwamba uji wenyewe hutokana na kuyeyuka kwa sehemu ndogo sana ya mantili, kisha ukabeba na kumeza vipande vya mantili isiyoyeyuka. Kwa hiyo ukisaga kimberlaiti na kuipima yote kwa pamoja, unapima vitu viwili vilivyochanganyika, na kipimo cha jumla peke yake hakitoshi kukupa jina.

Kwa wakaazi wa Muscat kuna mfano ulio mbele ya macho. Ile milima myeusi ya kahawia inayozunguka Muttrah na Muscat ya kale, ambayo wakati wa joto huwaka kama tanuri, ni mantili nayo. Ni jiwe la peridotaiti, sehemu ya ofiolaiti ya Samail inayojulikana na wanajiolojia dunia nzima. Lakini mantili hii ilipandishwa taratibu, kwa kusukumwa ubavuni, wakati sakafu ya bahari ilipopandishwa juu ya Bara Arabu katika zama za Kretasia. Haikurushwa na volkano, na sehemu kubwa yake haikutoka kwenye kina kirefu kama kile cha kimberlaiti. Anayeokota jiwe la kijani kibichi kule Wadi Adai akadhani amepata kimberlaiti, kwa kawaida ameokota peridotaiti iliyonyweshwa maji ikageuka serpentini. Madini ya mwanzo yanafanana, kwani olivini imo kote kuwili. Safari ndiyo iliyotofautiana.

Sasa tuingie maabara. Jiwe hukatwa na kusuguliwa hadi likawa jembamba kiasi cha sehemu 3 za mia za milimita, mwanga ukapita ndani yake. Baadaye mashine hulipiga kwa miale ya elektroni na kusoma kemia ya punje moja moja. Kazi hiyo ndiyo inayotenganisha kimberlaiti na jamaa zake, na mtu asiyeijua hudhani wataalamu wanabishana kwa kupenda majina.

Kimberlaiti na lamprofaya zenye magnesiamu nyingi zinafanana sana. Zote zina olivini, zote zina ulanga uitwao flogopaiti, zote zina kalsaiti, apataiti, perovskaiti na spineli. Hata neno lamprofaya linatokana na Kigiriki chenye maana ya kung'aa, kwa sababu ya ulanga. Tofauti imo katika unga laini ulioganda mwisho baina ya punje kubwa. Kimberlaiti mara nyingi ina madini yaitwayo montiselaiti, yenye kalsiamu na magnesiamu, wala haina pairoksini iliyoganda yenyewe katika unga huo, isipokuwa pale ilipochafuliwa na mawe ya ganda la dunia. Katika lamprofaya pairoksini inaweza kuwamo, na pengine garneti nyeusi yenye titaniamu. Ulanga nao una hadithi yake: katika kimberlaiti kingo za punje huelekea kuongezeka bari, na katika lamprofaya titaniamu na alumini hupanda, kisha chuma.

Mawe ya Batain, kwa hesabu hizo, yameangukia upande wa lamprofaya. Yana silika kidogo, magnesiamu nyingi, ulanga kwa wingi, na kalsaiti iliyotoka katika uji wenyewe. Yanakaribia aina iitwayo ailikaiti, iliyopewa jina la ghuba ya Aillik kule Labrador, Kanada. Pembezoni mwake mna kabonataiti, jiwe la volkano ambalo zaidi ya nusu yake ni chokaa ya motoni. Ndugu hawa wawili hutokea pamoja mara nyingi duniani, na kukutana kwao ni dalili kwamba mantili ya chini ilikuwa imelowa hewa ya ukaa.

Je, hii ina maana kwamba hakuna almasi Batain? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu jina peke yake halitoi jibu. Mgodi wa Argyle huko Australia Magharibi, uliofungwa Novemba 2020 baada ya kutoa almasi nyingi za rangi ya waridi kuliko mgodi wowote, haukuwa wa kimberlaiti. Jiwe lake liliitwa lamproaiti, ambalo ni aina nyengine tena. Na hata ailikaiti kule Labrador na Greenland zimewahi kukutwa na almasi. Kwa upande wa pili, kati ya kimberlaiti elfu kadhaa zinazojulikana duniani ni makumi kadhaa tu zilizowahi kuchimbwa kwa faida.

Kinachoamua ni pahala uji ulipopita. Almasi hudumu pale mizizi ya bara ilipo minene na baridi, na mizizi ya namna hiyo huwa chini ya mabara ya kale sana. Mwaka 1966 mwanajiolojia Tom Clifford alionyesha kwamba kimberlaiti zenye almasi za kuchimbika hupatikana katika sehemu za bara zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1,500, na mpaka leo kanuni hiyo ndiyo ya mwanzo kufundishwa, ijapokuwa Argyle imelazimisha kuipanua. Bara la Tanganyika lina kiini cha umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Oman haina kitu kama hicho. Miamba ya msingi inayochomoza Ja'alan, karibu kabisa na Batain, ni ya miaka milioni 800 na kidogo. Isitoshe, mawe yetu ya Batain yalipenya katika ukingo wa bara lililokuwa likipasuka, si katikati ya bara lililotulia. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, matumaini ya almasi yanakuwa madogo sana, liitwe jina lolote litakaloitwa.

Kuna jiwe jengine lenye kesi ya namna hiyo hiyo, na hili liko nyumbani. Magharibi ya Tanzania, Mkoa wa Tabora, viko vilima vitatu vidogo vya Igwisi. Wenye kuvipita bila kujua wataona vichuguu vyenye miti na majani. Wanajiolojia wameviendea tangu miaka ya 1950 kama watu wanaokwenda kuzuru, kwa sababu hakuna kwengine duniani panapojulikana volkano changa ya aina ya kimberlaiti kuliko hapo. Watafiti wa Uingereza na Tanzania, akiwemo Shukrani Manya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuwa Naibu Waziri wa Madini, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya vipimo vya umri: kiasi cha miaka 12,000, pengine chini ya hapo. Mashimo ya Kimberley yana miaka milioni 80 na zaidi, na la Mwadui kiasi cha milioni 50. Igwisi, kwa hesabu ya mawe, ni ya jana. Binadamu walikuwapo Afrika Mashariki ikilipuka.

Jiwe lake halifanani na la kwengine. Kimberlaiti nyingi ni kongwe, olivini yake imeoza ikawa serpentini, na sehemu ya juu ya volkano imekwisha kumomonyoka zamani, imebaki shina tu. Igwisi bado ina vilima vyake, na kilima cha kaskazini mashariki kimetoa mtiririko wa lava, kitu ambacho karibu hakionekani katika kimberlaiti nyengine. Olivini yake ni mbichi. Imekaa katika punje za duara la yai, laini kama changarawe za mtoni, kwa sababu ya kusuguana njiani, na zimeshikwa na unga wa kalsaiti, apataiti, spineli na perovskaiti. Anayejua kashata za njugu akilitazama jiwe hilo hatahitaji maelezo zaidi. Ndani ya baadhi ya punje za olivini mna vijipunje vya garneti ya zambarau yenye kromiamu, ushahidi kwamba zilitoka kwenye kina kirefu.

Pamoja na hayo yote, ni kimberlaiti kweli? Mwaka 1975 wataalamu walioandika juu ya Igwisi, akiwemo marehemu J. Barry Dawson, mtu aliyeijua jiolojia ya Tanzania kuliko wageni wengi, waliliweka neno kimberlaiti ndani ya alama za kunukuu. Wengine baada yao wamependelea kusema "ya jamii ya kimberlaiti." Kalsiamu yake ni nyingi kuliko ilivyozoeleka, silika yake ni ndogo hata kwa kimberlaiti, na ulanga ni haba. Kwa hiyo tuna jiwe lililo juu ya bara la kale kabisa, pahala panapostahiki almasi, limetoka kwenye kina kinachostahiki, na bado si mgodi. Tanzania ina kimberlaiti zaidi ya 300 zinazojulikana. Mwadui ni moja.

Na Mwadui yenyewe inafaa kutazamwa kwa nambari kabla ya mtu kuota utajiri. Mkanada John Williamson aliigundua mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta. Uso wake una ukubwa wa hekta 146, miongoni mwa mapana zaidi yaliyowahi kuchimbwa. Mwaka 1947 ikatoa almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Princess Elizabeth kuwa zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo kila mtu anaijua. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba jiwe la Mwadui hutoa kiasi cha karati 6 kwa kila tani 100. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Yaani tani 100 za mwamba husagwa na kuoshwa kwa ajili ya gramu moja na robo hivi, nayo si yote ya kuvaliwa.

Tani zilizobaki huenda wapi? Hubaki kuwa tope, na hapa kemia ya kimberlaiti inageuka kuwa habari ya watu. Olivini na ulanga vikioza hutoa udongo wa aina inayovimba ikipata maji, laini mno, usiotulia upesi. Maji ya kuoshea kimberlaiti huweza kukaa na uchafu wake muda mrefu kabla ya kuchuja, kwa hiyo migodi hulazimika kujenga mabwawa makubwa ya kuyahifadhi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la Mwadui ulipasuka, tope likafunika mashamba na makaazi ya jirani. Hakuna aliyeripotiwa kufa. Lakini mwenye shamba la mahindi au pamba lililofunikwa na kimberlaiti iliyosagwa amelijua jiwe hilo kwa njia ambayo hakuna maabara inayoweza kumfundisha.

Ndiyo maana mwandishi wa makala haya haoni hasara kubwa katika Batain kunyang'anywa jina. Neno kimberlaiti, likishaandikwa kwenye karatasi ya kampuni ya utafutaji, huuza hisa kabla jembe halijagusa ardhi, na wanakijiji huwa wa mwisho kuambiwa kwamba hakukupatikana kitu. Watafiti wa Al Khoudh walipima tena, wakaandika walichokiona, na jina likafuata vipimo.

Kama kuna kitu cha kukitazama Batain kwa jicho la biashara, wengi wangelitazama kabonataiti kuliko lamprofaya. Mawe ya jamii hiyo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya madini adimu yanayotakiwa leo kwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Tanzania tayari ina mlima mzima wa kabonataiti, Ngualla, mkoani Songwe, uliopewa leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2023. Kuwepo kwa jiwe hakutoshi, kwani mishipa ya Batain ni myembamba na imekatwakatwa na msukumo ule ulioipandisha kutoka baharini, na mgodi unataka wingi.

Kwa wasomaji wetu wanaopenda kutembea upande ule wakati wa baridi: ukikuta mshipa mweusi wenye ulanga unaometa, chukua chupa ndogo ya siki au kipande cha ndimu na ukamue juu ya jiwe lililokwaruzwa. Likitoa povu, kalsaiti imo. Kisha liache pale pale. Kwa sheria ya utajiri wa madini ya mwaka 2019, madini yote ya Oman ni mali ya dola, na jiwe la Batain lina maana zaidi likiwa ndani ya mshipa wake kuliko likiwa juu ya kabati la vyombo huko Al Khuwair.